Nani Ameshrabu?

Ukisimama kwenye steji ya Kitale asubuhi, baridi ya Trans Nzoia ikiwa bado imekushika masikio, utamsikia makanga akiita abiria wa Bungoma: "Pato wawili! Kari inatoka! Twende, twende, twende!" Nimepanda matatu za njia hiyo tangu nikiwa mtoto wa kupakatwa. Kiminini, Kamukuywa, Webuye, hadi Bungoma mjini. Sijawahi kuona abiria aliyeachwa steji kwa sababu hakuelewa "pato" ni nini. Hakuna aliyewahi kuuliza "kari" ni mnyama gani. Tunaingia, tunabanana, tunafika.

Sasa mchukue mtoto wa makanga huyo huyo, umpeleke akademi yenye ukuta uliochorwa katuni. Asimame mbele ya darasa, aseme "pook" badala ya "book". Darasa lote chini, watu wameshika mbavu. Ameshrabu! Kuanzia siku hiyo jina lake ni Pook. Atamaliza shule akiitwa Pook, na siku ya harusi yake kuna msee wa darasa lake atakayeinuka kutoa zawadi na kumwita Pook mbele ya wakwe.

Nina hoja moja tu, na naisema mapema ili asiye na bando ya kufika mwisho asije akasema sikumwambia. Shule inayomkataza mtoto kuzungumza Lubukusu, kisha ikamcheka anaposhindwa kutamka B ya Kiingereza, imeiondoa ngazi halafu inamcheka mtu kwa kutofika darini.

Tuanze na ulimi wenyewe, kwa sababu watu wengi wanaocheka hawajui wanacheka nini.

Lubukusu ina P, T na K. B, D na G za Kiingereza pia inazo, ila haziendi popote peke yake. Lazima zishikwe mkono na M au N. Mbwa ni embwa. Mtu ni omundu. Kuku ni engokho. Hapo zinatoka safi kabisa, na ndiyo maana makanga wetu aliposema "twende" hukusikia kasoro yoyote. Rudi usome tena: "pato", "kari", lakini "twende". Ulimi ule ule, dakika ile ile. Huyu mtu hana tatizo la kutamka D. Anaijua D vizuri sana. Anachokijua zaidi yako ni sheria ya nyumbani kwao inayosema D hutembea na N, na hiyo sheria anaifuata bila kukosea hata mara moja. Huo unaitwa ufasaha wa lugha moja ukibisha hodi kwenye lugha nyingine. Ujinga hauna mpangilio mzuri hivyo.

Na ile B unayoiona ikiandikwa kwenye neno "Babukusu"? Hiyo si B ya "book". Midomo inakaribiana bila kufungana, sauti inapita katikati ikivuma, kama mtu anayepoza chai huku akiguna. Kiingereza hakina sauti hiyo. Kiswahili hakina. Kwa hivyo mtangazaji wa Nairobi anaposoma habari za saa moja na kutamka "Babukusu" kwa B mbili ngumu za "baba", amekosea mara mbili ndani ya neno moja, tena jina la watu. Akifika "Webuye" anakosea tena. Nimesikiliza taarifa za habari maisha yangu yote na sijawahi kusikia mtu akiangua kicheko sebuleni na kusema: ati huyu ameshrabu!

Mfaransa akija hapa akasema "zis" badala ya "this", tunasema ana lafudhi tamu. Mmarekani akisema "Nairoubi", tunamuigiza kesho yake. Kuna hata jina la ugonjwa huo, tweng', na watu wanaulipia. Mtoto wa Kimilili akisema "Kot" badala ya "God", hana lafudhi. Ana shrabu. Basi tusidanganyane kwamba hili ni jambo la matamshi. Ni jambo la nani anaruhusiwa kuwa na kwao.

Niliwahi kufundisha Kiingereza katika akademi moja Kitale. Sitaitaja, kwa sababu ukibadilisha jina langoni ni zile zile mia unazozijua. Nilipewa darasa la sita na maagizo mawili: alama ziende juu na watoto waache "hiyo lafudhi ya kijijini". Kulikuwa na diski, kile kipande cha mti kinachofungwa kamba, anavalishwa shingoni mtoto aliyepatikana akizungumza lugha ya nyumbani, naye anakaa nacho mpaka amkamate mwenzake. Jioni aliyelala na mti anajieleza. Ngũgĩ wa Thiong'o alieleza unyama wa namna hii katika kitabu chake Decolonising the Mind, kilichochapishwa mwaka wa 1986, akikumbuka shule ya enzi za mkoloni. Mzee aliaga dunia Mei 2025. Mkoloni aliondoka 1963. Kipande cha mti bado kiko ofisini kwa mwalimu wa zamu, kimeng'aa kwa jasho la shingo za watoto.

Katika darasa hilo kulikuwa na msichana mmoja, mtoto wa kutoka upande wa Bungoma, aliyekuwa akikaa na shangazi yake mjini. Aliandika vizuri kuliko wote. Ijumaa ilikuwa siku ya kusoma insha kwa sauti, na Ijumaa moja akasoma insha kuhusu mbwa wa nyanya yake, aliyekuwa mzee, kipofu wa jicho moja, aliyelinda boma miaka kumi na mmoja kisha akafa usiku wa mvua. Ila insha nzima, kutoka mwanzo hadi mwisho, mbwa huyo aliitwa "puppy". Our old puppy. The puppy was blind. We buried the puppy.

Nilicheka. Si kwa sauti kubwa, kicheko cha puani tu, lakini mwalimu akicheka puani darasa linacheka kwa mdomo. Kisha nikachukua kalamu nyekundu nikaandika pembeni: puppy ni mtoto wa mbwa, neno si sahihi. Nikampa kumi na tano kwa ishirini. Mwisho wa muhula nikaandika kwenye ripoti yake kwamba anafaa kujiamini zaidi na kuzungumza zaidi darasani.

Ilinichukua muda mrefu wa aibu kuelewa nilichokisahihisha. Alikuwa anajua maana ya puppy. Alijua kuliko mimi. Alijua pia kwamba "dog" lina D mwanzo na G mwisho, na kwamba akilisoma litatoka "tok", na kwamba darasa linangoja. Kwa hivyo akapitia Kiingereza chote alichonacho kichwani akatafuta neno lisilo na mtego, akalipata, akalipa gharama yake. Nilipoanza kukumbuka, nikakumbuka mengine. Hakuwahi kusema "baby". Alisema "infant". Hakuwahi kunisalimia "good morning". Alisema "morning, teacher", na mimi nilidhani ni mazoea tu. Mtoto wa miaka kumi na miwili alikuwa akitembea ndani ya lugha kama mtu anayetembea kwenye uwanja uliotegwa mabomu, na mimi nilikuwa pale pembeni na kalamu nyekundu nikimpunguzia alama kwa jinsi alivyokanyaga.

Hiyo ndiyo hasara ninayotaka tuihesabu. Sisi tunafikiri kicheko kinanyoosha ulimi. Kicheko kinafunga mdomo tu. Na mdomo uliofungwa haujifunzi kutamka chochote, kwa sababu matamshi ni kama kuendesha baiskeli: hakuna aliyejifunza akiwa ameiegesha.

Sasa njoo uone jinsi taifa linavyopima matamshi. Karatasi ya kwanza ya Kiingereza ya KCSE, ile 101/1, ina alama 60. Thelathini kati ya hizo, yaani nusu, ni za stadi za kusikiliza na kuzungumza. Ukisikia hivyo utadhani kuna mahali mtahiniwa anafungua mdomo. Hakuna. Watoto wanaulizwa, kwa maandishi, neno gani linatamkwa sawa na lingine, silabi gani inatiliwa mkazo, sauti ipande wapi au ishuke wapi, na wanajibu kwa kalamu. Ukumbi mzima uko kimya, unasikia viatu vya msimamizi tu. Ni mtihani wa kuogelea unaofanyiwa mezani.

Na mimi nawafundishaje watoto kujibu? Nikitamka "bad", "bud" na "bird", zote tatu zinatoka mdomoni kwangu kama neno moja, na zinatoka hivyo midomoni mwa Wakenya wengi sana, maprofesa na wabunge ndani. Ndicho Kiingereza chetu. Lakini kwenye karatasi lazima mtoto aandike kwamba ni sauti tofauti, kwa hivyo anakariri orodha. Anafaulu kutofautisha kwa macho kitu ambacho hajawahi kukisikia kwa masikio. Mwalimu anayeshrabu irabu tatu anamfunga diski mtoto anayeshrabu konsonanti moja. Tofauti ni kwamba shrabu ya mwalimu ni ya nchi nzima, kwa hivyo haina jina. Ya mtoto ni ya kabila, kwa hivyo ina kicheko.

Najua mtaniambia sera. Sera tunazo, bana. Tume ya Ominde ilipendekeza mwaka wa 1964 kwamba Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza. Ripoti ya Gachathi, mwaka wa 1976, ikasema hapana, miaka mitatu ya kwanza mtoto afundishwe kwa lugha ya eneo lake. Mtaala wa CBC, ulioanza kutekelezwa nchi nzima mwaka wa 2019, umeweka somo la lugha za kiasili Gredi ya 1 hadi ya 3. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inaitaka serikali ikuze lugha zote za Kenya, na kifungu cha 27 kinakataza mtu kubaguliwa kwa sababu ya lugha yake. Kifungu kile kile kinachokataza ubaguzi wa rangi na dini. Msomee hicho kifungu mwenye akademi, atakujibu kwa upole kabisa: "Mwalimu, wazazi ndio wanalipa, na wazazi wanataka Kiingereza."

Na hapo ana hoja. Sitaki kuwacheka wazazi, maana mamangu ni mmoja wao. Mzazi wa Bungoma anayeuza mahindi ili mtoto asome Kitale hajapumbazwa. Ameona nani anapata kazi. Anamkumbuka Michael Kijana Wamalwa, mzaliwa wa 1944, mbunge wa Saboti, aliyekuwa makamu wa rais mwaka wa 2003 mpaka kifo chake Agosti mwaka huo. Wamalwa alikuwa Mbukusu wetu aliyesoma sheria Cambridge, na alipofungua kinywa bungeni Kiingereza kilitiririka kana kwamba malkia ni binamu yake. Wazee walikuwa wakiongeza sauti ya redio ili majirani nao wasikie. Mzazi anasema: nataka wangu awe hivyo. Nani atamlaumu?

Ila mzazi mpendwa, Wamalwa hakufika huko kwa kufungwa mti shingoni akisema "Kot". Alifika kwa kuishi miaka kati ya watu wanaoongea vile, bila kuacha kuwa mwana wa kwao, tena kwao kulikopeleka kura zake. Unachouziwa na akademi si Kiingereza cha Wamalwa. Ni aibu ya kutokuwa Wamalwa, kwa awamu tatu kwa mwaka, na sare juu yake.

Kuna pingamizi jingine, na hili ni la kweli zaidi. Mtu ataniuliza: kwa hivyo tusifundishe matamshi kabisa? Kila mtu aseme anavyotaka? Hapana. Na aliyenifundisha jibu ni mjomba wangu wa Chwele.

Khocha alituma pesa kwa M-Pesa zikaenda kwa nambari isiyo yake. Alikuwa na kabambe, na kutuma ujumbe mbele kwa mtu mwingine ni teknolojia aliyoikataa kwa msimamo. Kwa hivyo akanipigia simu nikiwa Kitale anisomee ile kodi ya muamala, herufi kwa herufi, ili nimfuatilie.

"Inayofuata ni pii," akasema.

"P ama B, khocha?"

"Pii. Pii ya papa."

Nikanyamaza. "Papa wa baharini, ama baba mzazi?"

"Wewe mwiwa, unanicheka?"

"Hapana, khocha. Nataka tu nisikose."

Kimya. Nilisikia ng'ombe akilia upande wake. Kisha akasema, kama mtu anayemweleza mtoto: "Ile ya embwa."

Na nikajua papo hapo ni B. Herufi iliyofuata aliisema "tii", nikauliza, akajibu, "Ile ya omundu." D. Tulimaliza kodi nzima bila kukosea, na mimi nikakaa na simu mkononi nikiwaza: mzee huyu ambaye hakumaliza darasa la saba amepata katika dakika moja kitu ambacho chuo cha ualimu hakikunipa katika miaka yote.

Kwa sababu hapo P na B zilikuwa na kazi. Pesa ya mtu ilikuwa inategemea. Vilevile nesi akisoma jina la dawa kwa simu, au kijana wa kastoma kea akithibitisha nambari ya gari, au rubani. Kuna tofauti za sauti zinazobeba maana, na mtoto ana haki ya kuzipata zote, vizuri, kama anavyopata hesabu. Naliita deni ambalo shule inamdai mtoto wakati ukweli ni kwamba shule ndiyo inayodaiwa.

Wataalamu walishalisema hili kwa lugha yao. Watafiti wawili wa Kanada, Murray Munro na Tracey Derwing, walionyesha mwaka wa 1995 kwamba mtu anaweza kuonekana ana lafudhi nzito sana na bado maneno yake yakaeleweka yote. Uzito wa lafudhi na kueleweka ni vitu viwili. Jennifer Jenkins, katika kitabu chake cha mwaka wa 2000 kuhusu Kiingereza cha mataifa, akajaribu kuorodhesha ni sauti zipi hasa zinavuruga maelewano zikikosewa. Tofauti ya P na B imo. Ile TH ambayo walimu wetu wanapoteza nayo wiki nzima wakiwatemesha watoto mate haimo. Ukisema "tink" badala ya "think" dunia inakuelewa. Na tweng' haimo popote.

Kwa hivyo baada ya ile simu nilibadilisha somo. Niliandika ubaoni "embwa". Katika akademi hiyo neno hilo lingenifunga diski mimi mwenyewe. Nikawaambia watoto: semeni. Wakatazamana kwanza, kisha wakasema. Sasa ishikilieni M, msiiachie: mmmmbwa. Tena, na M iwe fupi. Tena, M iwe ya moyoni tu, msiitoe. Kikabaki nini? Kikabaki B, imesimama peke yake kwa mara ya kwanza, ikishangaa. Sasa sema "book". Tukafanya omundu mpaka tukapata D. Tukafanya engokho mpaka tukapata G. Kulikuwa na mvulana aliyesema "good" mara saba mfululizo kama mtu aliyeokota pesa.

Utasema Kitale si Bungoma, na ni kweli. Darasa la Kitale lina Mbukusu, Msabaoti, Mpokoti, Mturkana, Mkikuyu, Mkisii na Mjaluo kwenye dawati moja, na mimi sijui lugha saba. Sikuhitaji kuzijua. Nilihitaji kuuliza tu: nani nyumbani kwao kuna neno lenye sauti hii? Mjaluo ambaye SH inamtoka kama S aligundua wenzake wanaweza kumwonyesha, naye akawaonyesha sauti za Dholuo wasizoziweza. Mkikuyu anayechanganya R na L akamfundisha mwalimu kutamka jina la nyanya yake vizuri. Kwa mara ya kwanza kila mtoto alikuwa na kitu ambacho mwingine hawezi kukitamka. Ni vigumu sana kumcheka mtu dakika tano baada ya yeye kukuvumilia ukishrabu jina la mamake.

Na hili la kucheka ndilo naliacha mezani kwako, wewe unayesoma hii kwenye simu ukiwa kwa foleni ya Thika Road au ndani ya matatu ya Rongai. Najua unasema ni jokes tu. Tumekulia kwenye hizo jokes, kutoka Vioja Mahakamani hadi Churchill Show: weka lafudhi, watu wacheke, hata kabla mzaha wenyewe haujafika. Nami nimecheka. Lakini Biblia yenyewe, katika kitabu cha Waamuzi sura ya 12, ina hadithi ya watu waliosimamishwa kwenye vivuko vya Yordani na kuambiwa waseme neno moja, Shibolethi. Aliyesema Sibolethi, kwa S, aliuawa. Walikufa elfu arobaini na mbili. Na sisi hatuhitaji kwenda Yordani. Mwanzoni mwa 2008 kulikuwa na vizuizi kwenye barabara za Bonde la Ufa ambapo jina lako na lugha yako vilitosha kukupitisha au kukumaliza. Sisemi kicheko cha darasani ni panga. Nasema sikio linalofunzwa tangu utotoni kumtafuta mtu kwao kupitia konsonanti ni sikio lile lile, na sisi ndio tunalinoa, kila Ijumaa, saa ya insha.

Kwa walimu wenzangu ninachoomba ni kidogo. Choma diski. Ikiwa mwenye shule anaitaka, mpe majivu. Kabla hujamsahihisha mtoto, jiulize kama umemwelewa. Ukiwa umemwelewa, msikilize amalize kwanza anachosema. Ukiwa hujamwelewa, basi hapo kuna kazi, na kazi hiyo inaanzia kwenye lugha aliyokuja nayo kutoka nyumbani, hata kama wewe huijui. Na sehemu ile ya stadi za kuzungumza kwenye mtihani, aidha tuwape watoto nafasi ya kuzungumza au tuiondolee jina hilo la uongo.

Yule msichana hakulikuta somo la embwa. Alihamishwa mwaka uliotangulia, shangazi yake alipopata kazi kwingine, na mimi nilibaki na nakala ya ripoti yenye mwandiko wangu: azungumze zaidi. Siku hizi nikiwa steji na makanga akaita "Pato mmoja!", kuna wakati namkumbuka. Angekuwa mtu mzima sasa. Pengine ana kazi nzuri, pengine anazungumza na watu siku nzima. Natumaini nyumbani kwake kuna mbwa, na kwamba anamwita mbwa kwa lugha yoyote anayotaka, na akimwita kwa Kiingereza, "tok" likatoka mdomoni, mbwa anakuja mbio.